Jogoo Mfupi, Jogoo Mrefu

Kambi ya Juu, Bonde la Mierebi
9 Juni 1932

Kasilda, mwandani wangu,

Kaa kwanza. Kama umeshika kikaango, kitue. Mumeo ndiye mwanamume mwenye bahati kuliko wote waliovuka bahari kutoka Bizkaia kuja Idaho, na hapo nimewahesabu hata wale waliochimba dhahabu wakaipata.

Sikiliza. Juzi bosi Haldane kapanda mpaka kambini na wachunga ng'ombe wake wanne, kila mmoja na kofia ambayo ungeweza kuogeshea mtoto. Anasema, "Mwaka jana ua la jogoo liliniulia ng'ombe kumi na tisa. Nani hapa analijua?" Wale wenye kofia wakaanza kutazama viatu vyao, utadhani viatu ndivyo vilivyoulizwa. Mimi huyo, mkono juu.

"Mimi, bosi. Nalijua hata nikifumba macho."

"Kweli wewe?"

"Bosi, kwetu mtoto hulijua ua hilo kabla hajamjua shangazi yake."

Wewe umekulia mjini, hulijui. Ni ua la buluu, na nyuma lina mkia mwembamba uliochongoka kama kipi, ule mwiba wa mguuni mwa jogoo. Ng'ombe akilila hutetemeka, miguu ikamlegea, akalala asiamke tena. Kondoo hana habari nalo, kondoo tumbo lake la bati. Ndiyo maana natangulia mimi na kondoo wangu elfu moja. Nawalaza palepale lilipoota, wanalila, wanalikanyaga, wanalinyea, kwisha habari yake. Tarehe kumi Julai nasema "bonde safi", na ng'ombe mia mbili wa bosi wanapanda nyuma yangu.

Sasa shika meza. Bosi kaahidi, mbele ya mashahidi na mbele ya mbwa wangu Alkate: ng'ombe wakishuka Septemba bila hata mmoja kufa kwa ua hilo, ile nyumba ndogo ya kijitoni ni yetu. Jiko la chuma! Madirisha mawili! Tumeoana miaka miwili, na siku tulizolala chini ya paa moja ni arobaini na moja, nimezihesabu kwa vidole vyangu na kucha za Alkate. Anza kushona mapazia.

Leo nimeoka mkate kwenye chungu cha chuma, nikauchora msalaba, kipande cha kwanza nikampa mbwa kama ada yetu. Kakinusa, akanitazama mpaka nikaona haya. Hata yeye anajua anaishi na mtu mkubwa.

Wako mwenye nyota,
Zenon


Boise, bweni la Mama Bittori
17 Juni 1932

Mume wangu Zenon,

Nimekaa, kikaango nimekitua, na mapazia nimeanza. Meupe, yenye upindo mwekundu. Nimechoka kulala chumba kimoja na wanawake watatu wafua nguo, na mmoja wao akikoroma utadhani anasaga kahawa. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu: hili la ua usilifanyie mzaha.

Nasema hivi kwa sababu jambo lenyewe limeniingilia mlango huuhuu. Tuna mpangaji mpya, Orrin Sather, kijana wa chuo kikuu, anayezunguka milimani kukusanya mimea yenye sumu. Maharage yetu anakula kwa adabu, ila meza yote kaijaza karatasi za kukaushia majani, Mama Bittori analia. Kuchora hajui kabisa. Aliona kitambaa nilichodarizi akaniomba nimchoree. Basi kila jioni vyombo vikiisha namchorea majani, naye ananieleza.

Kumbe ua la jogoo hulijui kwa rangi. Unapasua bua uone kama ndani lina tundu kama mrija. Unang'oa mzizi uone kama ni vijiazi au ni kama mti. Unapapasa jani. Liko jani la mdomo-wa-korongo, lile ua la rangi ya waridi ambalo tunda lake ni refu kama mdomo wa korongo. Nalo limechanika vidole vidole kama la jogoo, na kabla hayajachanua hata wachungaji wakongwe hudanganyika. Nimekutilia yote mawili humu. La kushoto korongo, la kulia jogoo. Yapapase, wewe unayejua kwa kufumba macho, uniambie umehisi nini.

La pili. Luzio alipokuja na nyumbu wake kuwachukulieni unga, alikaa jikoni akanywa kahawa, akaniambia kwenye miti myeupe juu ya kambi yako kuna mwanamke kachongwa kwa kisu, ana nyonga hizo, na nywele hadi kiunoni. Nywele zangu zinaishia shingoni, Zenon. Ni nani huyo?

Mkeo,
Kasilda


Kambi ya Juu
26 Juni 1932

Kasilda,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara namkuta Orrin keshakaa mezani kabla yangu. Ana miaka mingapi? Meno yake yote yapo? Akikuonyesha hilo tundu la bua, mkono wake unakuwa wapi, na wako wapi? Na kwa nini jioni? Majani hayaonekani asubuhi?

Usinione mshamba. Mimi nimetembea. Bilbao nimekaa, Le Havre nimepita, New York nimelala siku mbili na viatu nimevaa wasiniibie. Wanaume wa penseli nawajua. Wanaanza na jani.

Hayo majani yako mawili yalinisaidia sana: maharage yalichemka upesi. Sipapasi kitu alichokipapasa Orrin. Na kama nisingejua ua la jogoo ningekuwa hapa? Nimelikuta kwenye mteremko wa juu, fupi, halifiki gotini, buluu tupu. Kondoo nimewalaza juu yake siku tisa. Sasa hata lililobaki limekauka lenyewe, linavunjika kama biskuti. Kazi imekwisha kabla ya siku zake. Bosi akisikia atalia.

Tena nimefanya jambo ambalo mchungaji mwingine asingelifikiria. Chini kijitoni kumeota majani mabichi hayo, manene, yanataka kunifika kiunoni. Ni korongo, mengine yameshatoa ua la waridi, mengine bado yanajivutavuta. Kondoo nimewakataza kukanyaga huko hata kwato moja. Nawawekea ng'ombe wa bosi. Wakipanda wakute meza imeandaliwa, aone kamweka mtu mwenye moyo.

Mwanamke wa mtini ni wewe. Nywele niliziongeza kufunika mahali kisu kilipoteleza. Na nyonga si kosa langu: nilichonga mwaka juzi, mti unanenepa na mchoro unanenepa nao. Ona sasa, mwenzio nakuchonga mtini mvua ikininyeshea, wewe unamchorea mtu mwingine mboga.

Mwambie ajichoree mwenyewe.

Zenon


Boise
3 Julai 1932

Zenon,

Orrin Sather ana miaka thelathini. Meno yake yote yapo, na hayatumii kujisifia.

Sasa wivu wako ukunje uutie mfukoni, usome hapa polepole, kwa kidole kama unavyosoma sala. Niliposoma ulichoandika juu ya kijito, maziwa yalinifurikia jikoni.

Jogoo ni wawili. Huyo uliyemmaliza ni jogoo mfupi. Huchanua mapema theluji ikiyeyuka, majani yake machache, yako chini, mzizi wake vijiazi vidogo vinavyokatika ukimvuta. Yeye hukauka mapema kila mwaka, hata kondoo wasipomgusa. Kukauka kwake hakukuambii kitu.

Jogoo mrefu ndiye muuaji wa Julai. Anapenda majimaji, kando ya vijito, na hukua pamoja na korongo, bega kwa bega. Korongo akichanua waridi, yeye bado ni majani tu, na mtu husema "hili nalo ni korongo lililochelewa". Zenon, si korongo lililochelewa.

Fanya hivi. Papasa jani: la korongo lina vinyweleo, linanata kidogo na lina harufu ukilifikicha. Tazama kikonyo kinaposhikana na bua: korongo ana vijani viwili vidogo hapo kama masikio ya panya, jogoo hana. Pasua bua karibu na ardhi: la jogoo mrefu lina tundu. Ng'oa mzizi, kama unaweza: wa kwake mnene, mgumu, haung'oki kwa mkono. Ukiona hayo, watelemshe kondoo wote kijitoni leo hii, na ng'ombe uwazuie hata kama bosi atakasirika.

Nimekuchorea wote watatu kwenye karatasi moja, usipoteze. Orrin anasema michoro yangu itawekwa chuoni na chini yake ataandika "Amechora K. Mallea". Nimefurahi, sitakuficha. Hakuna aliyewahi kuandika jina langu chini ya kitu.

Nijibu kwa Luzio huyohuyo.

Kasilda


Kambi ya Juu
10 Julai 1932

Kasilda,

Luzio kafika na barua yako. Nene. Ndani nahisi karatasi ngumu, bila shaka ni mchoro. Luzio kanipa na habari nyingine bila kuombwa, huku anakula mkate wangu: jikoni kwenu wote wanajua jina la Mallea litaandikwa chini ya majani ya Orrin. Jina la baba yangu! Yeye aliyekufa bila jina lake kuandikwa popote ila msalabani!

Barua sijaifungua. Nimeitia ndani ya gunia la unga, na humo itakaa mpaka uniandikie kwamba huyo bwana kahama. Mume naye ana heshima yake.

Leo bosi kaja. Nikamwambia, "Bonde safi." Ng'ombe wameshuka kijitoni moja kwa moja, kengele zinalia, na wameinamisha vichwa kwenye yale majani kama watu waliofika harusini na njaa. Bosi kanipiga bega. Zile kofia nne zimenuna.

Maliza mapazia.

Zenon


Kambi ya Juu
22 Julai 1932

Kasilda mpenzi,

Huku raha mustarehe. Ng'ombe wamenenepa mpaka inabidi tuwageuze kwa miti kama mikate. Alkate kanenepa, kondoo wamenenepa, hata nyumbu wa Luzio sasa anatembea kama askofu. Hewa nzuri. Maji mazuri. Jana nimewafunga kofia wawili kati ya wale wanne kwenye mus, karata za kwetu, nimeweka dau la mchezo mzima sina hata karata moja ya maana, wakakimbia! Uso wangu, Kasilda, uso wangu unastahili kuchongwa mtini.

Bosi mzima, anakusalimu.

Mapazia usijiumize nayo macho. Polepole tu. Nguo nzuri haitaki haraka.

Korongo ndiye mwenye vinyweleo, sivyo? Nakupima tu.

Wako,
Zenon


Boise
29 Julai 1932

Zenon,

Barua yako ina mizaha saba, nimeihesabu. Ukiwa na furaha kweli inakutosha miwili.

Bosi hajawahi kunisalimu maisha yake yote. Na mwezi uliopita mapazia uliyataka kesho, leo nguo nzuri haitaki haraka. Umefungua gunia la unga, nami najua hukulifungua kwa sababu ya mkate. Basi niambie: wangapi?

Wakati unajipa moyo, nami nikutolee langu. Nilikuambia Orrin ndiye aliyeniomba nimchoree. Si kweli. Mimi ndiye niliyemwendea. Unakumbuka Jumapili ya kwanza, nje ya uwanja wa mpira wa ukutani, uliponipa kishada cha maua ya zambarau? Ulisema ni jogoo wa mlimani, kwamba ulimjua tangu mbali kwa rangi, na kwamba hana madhara kwa mwanamke mzuri. Nilikikausha ndani ya kitabu cha sala. Ulipoandika barua yako ya bahati nilikitoa nikamwonyesha Orrin. Akakitazama, akanawa mikono. Kumbe si jogoo. Ni kofia-ya-mtawa. Hana kipi nyuma, ana kofia juu ya kichwa, na bua lake limejaa ndani, halina tundu. Ni sumu kuliko jogoo mwenyewe. Miaka mitatu nimekuwa nikisali na sumu mkononi.

Orrin alicheka. Mimi sikucheka. Nilijua hapohapo kwamba hujui, na kwamba ungekufa kabla ya kusema hujui. Nikamwambia, "Nifundishe, nami nitakuchorea." Kila jioni uliyoionea wivu nilikuwa najifunza kazi yako ili nikutilie kwenye bahasha, hata mwanamume mwingine asijue.

Ameondoka tangu tarehe ishirini. Hakusahau kitu hapa, wala mimi sikumpa kitu ila michoro.

Mama Bittori anasema uliweka dau kama mezani. Nimemwambia ng'ombe hachezi mus. Uso wako haumtishi.

Wangapi?

Kasilda


Kambi ya Juu
7 Agosti 1932

Kasilda,

Saba.

Wa kwanza alianguka tarehe kumi na mbili asubuhi. Nikasema ni jua. Wa pili nikasema ni uzee, naye alikuwa mtamba hata hajazaa. Wa tatu na wa nne walianguka pamoja, wakitetemeka ngozi yote, macho yananitazama mimi. Kofia moja akaniuliza, "Mallea, ulisema bonde safi, sivyo?" Nikakimbia. Alidhani namkimbia yeye. Nilikuwa nakimbilia gunia.

Mchoro wako ulikuwa umejaa unga, nikaupuliza. Nikashuka nao kijitoni, nikapapasa jani, halinati. Nikatafuta masikio ya panya, hayapo. Nikapasua bua: tundu. La pili: tundu. Nilipasua mabua hamsini nikiomba hata moja likose tundu, na kati ya hayo hamsini ni sita tu yaliyokosa. Ile meza niliyowaandalia, Kasilda, niliyowanyima kondoo ambao wangeila yote bila hata kukohoa. Kama ningekuwa mvivu tu, nikawaacha kondoo wazurure wanakotaka, ng'ombe wote wangekuwa hai.

Watatu wengine walikufa jioni ile. Wawili tuliwaokoa. Tuliwageuza vichwa vielekee juu mlimani, tumbo lisiwaelemee, tusiwapigie kelele wala kuwahimiza wasimame. Mmoja kichwa chake kilikaa mapajani mwangu mpaka jua likachwa. Alipopona alinila ukingo wa kofia. Nilimwacha aule. Waliobaki wakapandishwa mteremko wa juu, nami nikawatelemsha kondoo kijitoni siku sita, mchoro wako nimeufunga kwenye fimbo, natembea nao mbele kama padri wa maandamano. Mia moja tisini na watatu wanakula hivi sasa, wazima.

Bosi hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema, "Ulisema unalijua ukifumba macho."

Nikamwambia, "Ndicho nilichofanya, bosi. Nilifumba."

Nyumba ya kijitoni atapewa mwenye kofia mmoja, ana watoto wawili. Kazi ya kondoo nimeachiwa. Mchoro bosi ameuchukua, kaupigilia misumari ndani ya hema la wachunga ng'ombe. Akaliona jina ulilotia chini, akauliza, "K. Mallea ni nani? Ndugu yako?" Nikasema ni mke wangu. Yule mwenye kofia akasema, "Mbona hakuja yeye?" Wote wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda kuwatazama kondoo ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Orrin sikumwonea wivu kwa meno yake. Nilikuonea wivu wewe. Nilijua iko siku utapapasa jani na ujue, nami nitapapasa jani lilelile nisijue, na utakuwa unanitazama. Barua ile sikuitia kwenye unga kwa heshima ya mume. Niliitia kwa sababu nilijua kilichomo ni kweli.

Mapazia usiyafumue. Sijui dirisha liko wapi, lakini usiyafumue. Na kile kishada kwenye kitabu cha sala kitupe, kisha unawe mikono. Nitakuletea kingine, nawe utakikagua kabla hujakipokea.

Nimekutilia majani mawili. Nimeyachuma mwenyewe, nimeyapapasa macho wazi. La kulia nasema ni jogoo mrefu. La kushoto nasema ni korongo. Kama nimekosea tena, niambie mimi kwanza, kabla hujamwambia Mama Bittori.

Tarehe tisa Juni nilikuandikia kwamba mimi ndiye mwenye bahati kuliko wote, na kwamba ua nalijua hata nikifumba macho. Bosi hakunichagua kwa kujua kwangu. Aliuliza tu, wenzangu wakanyamaza kwa sababu walikuwa wakweli, nami nilitaka nyumba. Ulikuwa uongo wote. Sikulijua ua la jogoo, Kasilda. Sikuwahi kulijua.

Zenon